Lori Tupu na Cheti cha Samaki

Leo nimeona mtu na laptop ya maana akishindwa na nafasi tupu.

Nafanya kazi mpakani Malaba, kwa ofisi ya kupitisha mizigo. Bosi wetu alileta "mtaalamu" achukue jedwali letu la vibali, maandishi ya kawaida tu, aligeuze data ya programu. Dereva aangalie simu, ajue karatasi anazohitaji.

Sasa, ofisi yetu ina mazoea. Kibali kikiwa kile kile cha mstari wa juu, tunaacha wazi.

Kuku: cheti cha daktari wa mifugo.
Vifaranga, chini yake: wazi.

Nikamwambia, "Kaka, uliza kwanza hapo wazi panamaanisha nini."

"Dada, code inajua."

Haya. Code ikajua kwamba wazi ni kusema hakuna kibali kinachohitajika.

Asubuhi lori la vifaranga likaamini simu. Likarudishwa mpakani, vifaranga wanahema kwa jua, na dereva ananitukana mimi!

Mtaalamu hata aibu hana. "Data yenu ndiyo chafu." Akabonyeza-bonyeza. "Kwisha. Kila palipo wazi sasa panachukua ya juu."

KILA palipo wazi, jamani.

Mstari wa mwisho wa jedwali ni lori tupu, nalo tuliliacha wazi kwa sababu kweli halihitaji kibali. Mstari wa juu yake ni samaki.

Saa hii dereva wa lori tupu amesimama mbele yangu na simu. Programu inamdai cheti cha afya ya samaki.

"Dada, hao samaki wako wapi?"

Nikamwambia ukweli: kwa sahani ya mtaalamu, hoteli ya jirani.