Bi Pindo na Bundi wa Tovuti

Sijui nani aliwadanganya kwamba nina nafasi ya kuandika. Macho yenyewe haya, kalamu inateleza, na herufi zangu zinalala kama walevi. Lakini wifi yangu, fundi wa mashati, ameniganda tangu asubuhi niandike yaliyompata, na nikimwachia asimulie mwenyewe atawaambia alimshinda bundi kwa mkasi. Mkasi haukuhusika. Haya, someni, na asinikatize mtu.

Wateja humwita Bi Pindo. Ameshona mashati miaka arobaini katika chumba kimoja: cherehani dirishani, pasi mezani, vipande vya kitambaa hadi ndani ya birika la chai. Asiposifiwa, hujisifu mwenyewe. Mjukuu wake wa miaka minane akitoka shule hushinda chini ya meza ya kukatia, na nyumbani wamembandika jina la Mbona. Mbona uzi hujikunja? Mbona mkasi hulia? Bi Pindo alijibu yote, na asilolijua alilitunga bila haya. Maswali hayo ndiyo yaliyomfanya asione siku inavyokwenda.

Basi baba mtu, dereva wa lori, akaleta tableti, na ndani yake tovuti ya watoto wadadisi. Humo mna bundi mwenye miwani anayeuliza maswali. Ukipatia, unapewa nyota. Zikifika kumi, unafunguliwa mlango wa sayari. Bi Pindo aliguna tu.

"Ndege gani huyo anavaa miwani na hana hata masikio ya kuishikilia?"

Mbona akafikisha nyota tisa. Swali la kumi likaja: panga hatua za kushona shati. Mtoto akaruka.

"Bibi! Hili lako!"

"Lete hapa. Kwanza unaunganisha mabega, ndipo unatia kola. Hata niamshwe usingizini nitakwambia hivyo hivyo."

Mtoto akabonyeza. Bundi akatikisa kichwa, akasema kola ndiyo hutangulia, mabega baadaye. Kisha akazifuta nyota zote tisa.

Mbona alimtazama bibi yake kama mtu anavyotazama yai viza. "Bibi, mbona hata kazi yako huijui?"

Heri angepigwa kofi. Tangu hapo chini ya meza pakawa kimya. Siku tano nzima Bi Pindo hakuulizwa kitu. Alimwaga sindano makusudi, akaziokota kwa sumaku mbele ya pua ya mtoto, akangoja. Mtoto akasema, "Nitamuuliza bundi."

Bi Pindo akaja kwangu amevimba.

"Wifi, nimenyang'anywa mjukuu na kuku wa kwenye kioo."

"Bundi."

"Awe bundi, awe bata, hajawahi kushika sindano huyo!"

"Basi mpe ashone," nikamwambia, ili aniondokee.

Kumbe alinisikia. Kesho yake akakata shati la baba mtu, akamsimamisha Mbona na tableti mkononi. "Nisomee anavyotaka. Leo mimi mwanafunzi wake."

Mtoto akasoma, bibi akashona. Kola ikashikizwa nyuma, ncha zake mbili zikaning'inia hewani, maana mabega hayajakutana na shingo yenyewe haijapatikana. Alipolazimisha mabega, ncha moja ya kola ikamezwa na mshono. Dereva akalivaa. Ncha ya pili ikamsimama begani kama sikio la punda.

"Mama, hili shati au adhabu?"

"Muulize mwalimu wenu mwenye miwani."

Mbona alicheka hadi akalala sakafuni. Kisha baba yake alipolivua, akaligeuza lile shati, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kumbe bundi naye hubahatisha."

Wakalipiga picha, wakaituma kwa wenye tovuti. Bi Pindo alitamka, Mbona akaandika huku akipunguza makali: "wapumbavu nyie" ikawa "ndugu wapendwa". Baada ya siku nne likaja jibu. Aliyetunga swali alikiri hajawahi kushona hata kifungo. Hatua zimerekebishwa, nyota zimerudi, na ya kumi juu yake. Sayari zikafunguka, zinazunguka na rangi zao. Bi Pindo hakutazama hata moja. Alikuwa ametega sikio chini ya meza.

"Bibi, mbona mtu akipiga miayo, aliye karibu naye hupiga?"

Miaka yote ile alikuwa akitunga majibu; safari hii hakuthubutu. Aliogopa kumpoteza tena.

"Sijui, mjukuu wangu. Tumtafute anayejua."

Wakamuuliza bundi, akasema wataalamu bado wanabishana. Wakaja kuniuliza mimi. Nikapiga miayo, basi.

Kwa hiyo wewe uliyesoma bure hadi hapa, usijifanye una haraka. Kaa chini uniandikie unavyodhani, kwa herufi kubwa, na kama hujui sema hujui. Ukichelewa, namleta huyo mtoto kwako aulize mwenyewe, na simfuati mpaka umjibu.