Bango Lililokuwa Nyuma ya Mashine ya Soda

Saa mbili asubuhi, Vernell Stukes anasukuma toroli la majalada kati ya rafu za chuma, chini kabisa ya jengo la serikali kuu mjini Baltimore, Marekani. Huku hakuna dirisha. Anakohoa vumbi, anafungua sanduku, anaanza kupanga.

Miaka miwili iliyopita alikuwa ghorofa ya nne, kwenye mwanga.

Vernell ana miaka 61, na 26 kati ya hiyo ameitumia kutunza kumbukumbu za wanajeshi wastaafu. Nafasi ya msimamizi ilipotangazwa, aliomba. Nafasi hiyo akapewa kijana wa miaka 31 ambaye Vernell mwenyewe alimfundisha kazi.

Alipomuuliza mkuu wake sababu, aliambiwa, "Tunataka damu changa, mama. Wewe si ungepumzika tu, ulee wajukuu?"

"Sina wajukuu," akamjibu.

"Nilitoka nikicheka," anasimulia. "Nilipoingia kwenye lifti nikalia."

Wiki moja baadaye dada yake, Ardella, alipatwa na kiharusi huko Carolina Kusini. Vernell alichukua likizo akamuuguze. Alirudi akiwa amemzika, akaenda moja kwa moja kwa mshauri wa malalamiko ya ubaguzi.

Mshauri alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. "Hamsini na moja. Umechelewa siku sita, mama."

Kwa kawaida mtumishi wa serikali kuu anayebaguliwa haanzii mahakamani. Lazima kwanza amwone mshauri ndani ya siku 45 tangu atendewe. Muda huongezwa kwa yule ambaye hakujulishwa, na Vernell anaapa hakuna aliyewahi kumwambia.

Ofisi ilijibu kwa picha: bango linaloeleza sharti la siku 45, limebandikwa kwenye chumba cha chai.

"Lilikuwepo, ndiyo. Nyuma ya mashine ya soda!" anasema Vernell, akipiga rafu kwa kiganja. "Waliisogeza kwanza, ndipo wakapiga picha."

Aliyeisogeza ni fundi wa jengo, Leland Oakes, rafiki yake wa miaka mingi. Vernell alimfuata akamwomba aandike sentensi mbili tu.

"Dada Vernell, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu," Leland alimwambia. "Usiniingize humo."

"Sikuombi useme uongo, Leland."

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

Hakuandika. Lalamiko likatupwa. Kuhusu ugonjwa wa Ardella, uamuzi ulisema Vernell angeweza kupiga simu akiwa hospitalini. Mwezi uliofuata akahamishiwa chini, sababu iliyoandikwa ni "mahitaji ya kazi."

Safari hii alimwona mshauri siku ya tatu. Lalamiko hilo la kulipiziwa kisasi linachunguzwa. Atatakiwa kuonyesha kwamba "mahitaji ya kazi" ni kisingizio, na shahidi hana.

Leland sasa anakula chakula cha mchana ndani ya gari lake. Mwandishi wa makala haya alipomfuata, aliteremsha kioo kidogo. "Mwambie dada simchukii," alisema, akakipandisha.

Vernell amekata rufaa pia kuhusu lalamiko la kwanza, kwa barua aliyoiandika mwenyewe mezani jikoni. Anapanga kubaki kazini mpaka ijibiwe, hata kama kifua kinamsumbua.

"Cheo wakae nacho," anasema. "Mpaka leo wamebishana kuhusu kalenda na ukuta. Nataka nikae mbele ya hakimu, aniulize swali moja: mama, walikufanya nini?"