Saa Waliyoipaka Grisi Wakaitupa

Saa tatu asubuhi, Bi Sekunde ameshabana lenzi kwenye jicho la kulia. Amekaa chini ya ngazi za jengo la ofisi za reli, mahali ambapo mtu mrefu lazima agonge kichwa. Meza yake ya kioo haizidi upana wa mlango. Juu ya kichwa chake viatu vya wakubwa vinapanda, vumbi linashuka. Yeye analipuliza na kuendelea na kazi.

"Wakipanda hawanioni," anasema bila kuinua uso. "Wakishuka ndiyo wananikumbuka, maana saa zao zimesimama."

Kwenye droo, juu ya kitambaa cha flana, kuna saa ya mfukoni ya dhahabu inayojaza kiganja, na mnyororo wake. Pembeni yake kuna barua kutoka ofisi za juu: airudishe saa hiyo kabla ya Ijumaa mchana, la sivyo aondoe meza yake.

Leo ni Jumatano.

Fundi huyu wa saa ana miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili ameimaliza hapo chini ya ngazi. Jina la Bi Sekunde alipewa na jirani yake, fundi viatu, kwa sababu kila mteja humwambia asubiri sekunde moja.

"Sekunde yake ni nusu siku," fundi viatu anadakia. "Mimi nimeoa nikapata watoto watatu, bado nasubiri saa yangu."

"Na viatu vyako vya harusi hujamaliza kuvishona, shemeji!" Bi Sekunde anamrudishia.

Wote wanacheka. Kisha Bi Sekunde anatazama droo, na kicheko kinakatika.

Saa hiyo ililetwa na meneja wa kwanza wa reli, enzi za treni za makaa ya mawe. Treni kuondoka au kungoja, saa hiyo ndiyo iliyoamua. Mameneja wanne waliipokezana, mpaka siku moja ikaanguka sakafuni, ikanyamaza. Mkubwa wa wakati huo akaamuru ipelekwe stoo.

Sasa, stoo ya reli ina amri yake: kila chuma kinachoingia kipakwe grisi kisishike kutu. Boliti, springi, vipuri vya breki. Saa ya dhahabu nayo ikafunguliwa, ikapakwa ndani na nje kama boliti. Hakuna aliyeuliza. Mwenye cheo haulizi, na asiye na cheo haulizwi. Miaka kumi na tisa ikakaa huko, ikageuka tonge jeusi.

Baba yake Bi Sekunde alikuwa mtia ufunguo. Alizungukia saa zote za ukutani, stesheni kwa stesheni, akizitia ufunguo na kuzitengeneza. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja. Zilipokuja saa za betri, wakubwa walimwandikia barua ya mistari minne, kazi ikaisha. Shukrani ya wakubwa ndiyo hiyo, hajazaliwa bado wa kuibadilisha.

Wiki hiyohiyo stoo ilisafishwa. Karani akaandika kwenye daftari: saa ya shaba, mbovu, itupwe. Mzee akaliona tonge lile kwenye rundo la takataka, akaliomba kwa meneja. Meneja akamjibu mbele ya watu, "Beba takataka yako uende nayo."

"Baba alirudi nyumbani hakutaka hata chai," anasimulia Bi Sekunde. "Alikaa uani na bakuli la petroli na mswaki wa meno. Grisi ikatoka, ikatoka. Mara akaniita: 'Mwanangu, njoo uone wakubwa wanavyojua kusoma.' Nikaona inang'aa. Na kwenye mfuniko imechorwa alama ya reli. Wao waliona shaba!"

Kuiamsha kulimchukua miezi kumi na mmoja. Kijiti cha chuma kinachobeba gurudumu la ndani kilikuwa kimevunjika, na kipuri chake hakuna duka lililokuwa nacho. Mzee akachukua sindano ya cherehani ya mkewe, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaisugua kidogokidogo kwa jiwe mpaka ikawa nyembamba kama unywele. Sindano hiyo imo ndani ya saa mpaka leo. Aliyemzika mwenza wake anajua kitu kama hicho hakipangiwi bei.

Mafundi saa wana desturi: anayeifungua saa kuitengeneza hukwaruza alama yake na tarehe upande wa ndani wa mfuniko, ili fundi wa baadaye ajue nani alipita. Humo mna alama nne za mikono isiyojulikana. Ya tano ni ya mzee, na chini yake ameongeza maneno matatu: nimeitoa kwenye takataka.

Mzee alifariki, saa ikabaki kwa binti yake. Mwezi uliopita afisa mali wa reli alishuka kubadilisha betri, akaiona mezani ikitumika kupimia saa nyingine, akaitambua alama ya reli. Baada ya siku sita barua ikafika.

Ijumaa saa nne kamili, Bi Sekunde anapanda ngazi ambazo miaka yote amezitazama kwa chini. Saa ameifunga ndani ya khanga, kiunoni. Ofisini wapo mkurugenzi na afisa mali. Ukutani saa ya betri imesimama kwenye saa saba kasoro robo.

"Mama, hii ni mali ya shirika," anaanza mkurugenzi. "Ni urithi wetu."

"Leteni daftari la stoo," anasema Bi Sekunde.

Linaletwa, lina vumbi. Afisa mali anatafuta mstari, anausoma kimoyomoyo, anakohoa.

"Kwa sauti, mwanangu. Mimi macho yangu ni ya kuazima."

"Saa ya shaba, mbovu, itupwe."

"Basi mimi nina ya dhahabu, nzima, inatembea. Hiyo yenu ya shaba itafuteni mlikoitupa."

Afisa mali anataja polisi.

"Waiteni. Shahidi wangu wa kwanza ni hilo daftari, na mmelileta wenyewe."

Mkurugenzi anabadili sauti, inakuwa laini. Aiache saa, naye atapewa karatasi ya kubaki chini ya ngazi miaka kumi, bila kusumbuliwa. Kwa mwanamke asiye na meza nyingine duniani, hilo si neno dogo. Bi Sekunde anakaza fundo la khanga kiunoni.

"Baba yangu mlimwambia abebe takataka yake aende nayo," anasema hatimaye. "Alibeba. Mimi nani niirudishe?"

Anashuka. Kufika saa nane meza haipo tena. Fundi viatu ameshika upande mmoja, yeye upande wa pili, wanavuka nayo barabara. Hakuna polisi aliyeitwa. Nani atalipeleka daftari lile kituoni?

Ng'ambo kuna duka la kupiga chapa, na mwenye duka amempa ukuta wa nje wenye kivuli mpaka saa tisa. Mvua ikinyesha atalowa, hilo analijua. Mpango wake ni kujenga kibanda cha mbao chenye dirisha la kioo kabla ya masika, akitengeneza saa nne au tano kwa siku kama ilivyo sasa. Dirishani ataitundika saa ya dhahabu, uso wake ukielekea ofisi za reli.

"Anayetaka kujua ni saa ngapi, nitamwambia bure," anasema, akipanga bisibisi zake juu ya meza. "Ila wao wavuke barabara."