Ushuhuda Kabla ya Keki

Katika nyumba yangu, hapa Kolwezi, mtoto anayeadhimisha siku yake ya kuzaliwa hakati keki kabla ya kusimama mbele ya wageni na kutaja jambo moja alilolijua mwaka huo, na namna alivyolijua. "Nimesikia" haikubaliki. "Watu wanasema" ni mbaya zaidi. Niliuanzisha utaratibu huu binti yangu alipotimiza miaka mitano. Nilikuwa tayari na mvi, mwalimu wa fizikia aliyechoshwa na mji unaoishi kwa uvumi: leo shaba imeonekana nyuma ya kanisa, kesho bei ya kobalti imeporomoka, na kila msemaji kahadithiwa na shemeji yake.

Mwaka ule wa kwanza alitangaza kwamba mende hufa akiwa chali.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Nilimungoja, tata," akanijibu mimi baba yake.

Miaka kadhaa baadaye alikaa kando ya reli likizo nzima, kwa sababu mtaa mzima ulishikilia kwamba treni ya Dilolo hupita Jumanne. Ushuhuda wake ulikuwa mfupi: "Treni haiko na siku. Inakuya wakati inapenda." Wageni walicheka hadi wakafuta machozi. Mimi sikucheka, lakini nilimkabidhi kisu cha keki kwa heshima.

Mwaka huu ametimiza kumi na minane. Tulikaa uani alasiri, na wenzake walikuwa wamejificha nyuma ya jiko na ndoo za maji, tayari kumlowesha kama vijana wetu wanavyomfanyia kila mwenye sikukuu. Mstari wa mbele aliketi jirani yetu, mama anayefuata samaki wakavu Dilolo na kuwauza hapa sokoni. Kifuani alimbeba mwanawe mchanga, ambaye homa ilikuwa ikimwacha na kumrudia. Pembeni yake alisimama binti mdogo wa marehemu dada yake, aliyeletwa kutoka Lubudi baada ya msiba. Msichana huyo hakupewa kiti.

Mtaa mzima ulijua sababu. Ilisemekana kwamba msichana hutoka nje usiku kuroga, na kwamba homa ya mtoto ilikuwa kazi yake. Asubuhi iliyofuata angepelekwa kwenye nyumba ya maombi, mahali ambapo watoto wa namna hiyo hufungiwa na kunyimwa chakula mpaka wakiri. Nilikuwa nimekwenda kwa jirani kumweleza tofauti kati ya tetesi na ushahidi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Tata mwalimu, weye unasomaka bitabu. Mi nalalaka na mutoto mugonjwa ku kifua." Nikarudi nyumbani.

Wakati wa ushuhuda ulipofika, binti yangu alisimama, akakisogeza kando kisu kilichokuwa mezani, akamwelekezea msichana mkono.

"Mi niko na kitu moja ya kusema. Usiku, uyu mutoto anabakiaka mu nyumba."

Kiti cha jirani kililia. "Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu alinambia, mama. Wakati ulienda Dilolo, ukatuachia ye, nililala naye mu chumba moja, kila siku mupaka ukarudi. Mi niko na usingizi ya paka. Anaamukaka, ni kweli. Anaendaka mupaka ku mulango, anasimama, anaogopa giza, anarudi. Anatafutaka kukojoa. Asubuhi matela ya kulalia iko maji." Akamtazama msichana. "Nilimuomba ruhusa niseme. Alikubali."

Msichana aliinamisha kichwa, lakini hakukimbia.

"Na homa ya mutoto wangu?" jirani akauliza, sauti ikipanda. "Kama si ye, ni nani anaileta?"

Hapo ndipo watu wazima wengi huteleza: baada ya kubomoa uvumi mmoja, hujenga wa kwao. Binti yangu angeweza kutaja maji ya mto, mbu, au vumbi la malori ya migodi, na sote tungemwamini.

"Sijui, mama," akasema. "Ile sikuiona. Lakini ku dispansere bako na mashini ya kuangalia mu damu. Kesho tuende pamoja, na batoto wote wawili."

Nimekaa darasani sehemu kubwa ya maisha yangu. Sikumbuki kumsikia mwanafunzi akitamka "sijui" kwa utulivu namna ile, mbele ya watu waliotaka asikike akijua.

Mzee mmoja wa kwaya yetu akapiga paja lake, akistaajabu kwamba hata uchawi unadaiwa ushahidi. "Mutoto ya mwalimu, kweli! Hata buloji anaiomba preve!"

Watu wakacheka, lakini jirani hakucheka. "Na kama leo usiku anatoka?"

"Nitalala kwenu. Weye utakaa ku mulango, mi nitakaa pembeni yake. Tutaona sisi wawili."

Jirani alisogea kwenye kiti. Kisha akamvuta msichana, akamkalisha kwenye ncha ya kiti chake.

"Basi kata gato, batoto bako na njala. Kesho tutaanzia ku dispansere. Nyumba ya maombi itatungoja."

Keki ikakatwa, na ndoo za maji zikafanya kazi yake. Kabla jua halijazama, binti yangu, nywele zikimchuruzika, alijitwika godoro lake. Wenzake walikuwa wamefungulia muziki wakimsubiri acheze, naye akawapungia mkono tu. Msichana alishika ncha ya godoro iliyoning'inia nyuma, nao wakaelekea getini.

Mke wangu akanigeukia. "Unamuacha anaenda? Hata haumukataze?"

"Hakuniuliza," nikamjibu, nikaenda kuwafungulia geti.