Fundo la Mama

Fundi pikipiki wa mtaa wa Misunkumilo haongei mpaka afute mikono, na mikono yake haifutiki. Anaipitisha kwenye kitambaa kidole kwa kidole, halafu anauliza lile lile: "Atakaa nani?" Shingoni ana kamba ya katani yenye mafundo, na kila fundo ni urefu wa mguu wa abiria mmoja, kutoka goti mpaka kisigino. Bila kipimo hicho hachomelei kitu. Mimi nilimpelekea pikipiki kubwa ya kiti kimoja, iliyoachwa na mzungu mchimba visima, aniwekee kiti cha nyuma nimlete mama hospitali kutoka Mwese. Alipokwisha kuifungua ndipo akasema, "Kapime mguu wake, mdogo wangu. Mguu ukining'inia utaungua na ekzozi." Nikamwambia mama anatapika damu, kaka, chomelea tu! Akarudia kufuta mikono. Nikaenda Mwese, mara lori mara miguu, nikarudi na kipimo siku ya nne.

Kazi aliifanya safi, sikatai. Alikaa mwenyewe kwenye kiti kile akajitikisa mpaka shokapu zikalia. Siku ya kuichukua nilifika nimenyolewa kichwa, mama tumeshamzika. Alivua kamba shingoni, akalitafuta fundo la mama kwa kucha, akalifungua taratibu, akapanyoosha pale mpaka pasionekane kama pamewahi kufungwa kitu. Kisha akachukua kitambaa.

"Sasa," akasema, "atakaa nani?"