Theluji Niliyomwambia Akko

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla hata ya chai, ilikuwa kuona kwa niaba ya nyanya yangu. Akko, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Kwa hiyo alinituma nyuma ya boma letu, huko pembeni mwa Burat, nikamtazamie vitu viwili: mlima na mgunga. Mlima wenyewe ni ule ule ambao wageni hulipa ili waupande. Sisi tuliutazama bure, upande wa kusini, kabla vumbi la mchana halijaufunika.

Akko aliamini kwamba theluji ya mlima ikishuka hadi mabegani, na mgunga ukatoa maua ilhali ardhi bado kavu, mvua iko njiani. Tena siku hizo, kuanzia ua la kwanza hadi tone la kwanza, ni mwiko kuuza ng'ombe mwenye mimba. Anayemuuza ameuza na mvua. Nimesoma tangu hapo, na nimekutana na watu wengi wa kunieleza kwa upole kwamba huo ni ushirikina. Nawasikiliza. Wengi wao hawajawahi kuona ng'ombe akila katoni.

Mimi nimeona. Ulikuwa mwaka wa ukame, nikiwa na miaka tisa, na ng'ombe wetu walikwisha mmoja baada ya mwingine hadi akabaki Dimtu peke yake, mwekundu, tumbo la mimba limening'inia chini ya mbavu zilizotokeza. Nilimpenda kuliko nilivyompenda kaka yangu, na sioni haya kulisema.

Mzee mmoja wa ukoo alichinja mbuzi, akayasoma matumbo yake, akasema hakuna mvua msimu huo. Aliyebakiwa na mnyama amuuze, kisha ahamie kwa jamaa Garbatulla. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Akapatana na dalali wa mjini aje Jumatatu amchukue Dimtu.

Jumapili asubuhi Akko alinituma kama kawaida. Kwenye mgunga ulio ukingoni mwa laga, ule mto wetu mkavu, nilikuta tawi moja dogo limetoa maua meupe, na nyuki wawili watatu wakihangaika juu yake. Hilo lilikuwa kweli. Nikageukia kusini. Ukungu ulikuwa umetanda, na mlima haukuonekana kabisa. Nilisimama pale nikangoja hadi jua likaanza kunichoma utosini. Kisha nikarudi nikamwambia Akko kwamba maua yametoka na theluji imeshuka hadi mabegani.

"Hadi mabegani?" aliuliza.

"Hadi mabegani, Akko."

Kesho yake dalali alipofika na kamba yake, alimkuta Akko amekaa kwenye mlango wa zizi, na mbele yake, chini, amelaza siinqe. Hiyo ni fimbo nyembamba anayopewa mwanamke wa Kiborana siku anayoolewa. Si ya kuchungia wala ya kupigia mtu. Lakini mwanamke akiilaza njiani, mwanamume anayeivuka amejitafutia laana, na kama mwenye fimbo ni mama yake mzazi, laana hiyo haina wa kuiondoa.

Dalali, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alitoa salamu kwa adabu, akamweleza Akko kwa Kiswahili kwamba ng'ombe mwenyewe amebakisha wiki moja tu ya kuishi. Akko alimgeukia Baba.

"Kama si mimi niliyekuzaa," alisema, "ruka."

Baba alisimama mbele ya ile fimbo kwa muda mrefu, mikono imening'inia. Kisha akamwomba dalali msamaha kwa usumbufu, akaenda kukaa mbali na sisi sote.

Nilifurahi kwa siku mbili tu. Siku ya tatu Dimtu alianguka. Ng'ombe aliyelala kwa njaa asipoinuliwa hafi kwa njaa tu, hufa kwa kule kulala, kwa hiyo asubuhi na jioni tulimwinua, Baba mkiani, sisi na majirani tumepitisha miti chini ya tumbo. Akko akaamuru nyasi za paa la nyumba yake zing'olewe Dimtu apewe ale. Majirani walicheka. Jirani mmoja akamuuliza, huku akishika upande wa mti wa kumwinulia ng'ombe, mvua anayoitangaza ikija atalala wapi.

"Nitalowa," Akko alimjibu.

Paa lilipofika nusu nikashindwa kuvumilia. Kila asubuhi nilikuwa nikienda kuutafuta ule mlima na kila asubuhi haukuwepo. Nilimfuata Akko nyumbani kwake, jua likipita juu mahali palipokuwa na nyasi, nikamwambia kwamba theluji sikuiona, kwamba nilisema uongo kwa ajili ya Dimtu. Nilidhani ataiondoa fimbo, amwite Baba, na dalali aitwe tena.

Alipapasa chini akitafuta kikombe chake.

"Nilikutuma kwa sababu ya macho yako," alisema. "Kumzuia ng'ombe nimezuia mimi. Na maua?"

"Maua ni kweli, Akko."

"Basi leta nyasi za upande huu. Bado zipo."

Siku ya tisa mvua ilinyesha, mchana, bila hata upepo wa kuitangulia. Akko alikuwa chini ya fito tupu. Baba alikimbia kumtoa, akakataa kutoka. Alisema alishawaambia watu kwamba atalowa, na angelowa. Alikaa pale na shuka lake limemganda mwilini, akicheka peke yake, na Baba, mtu mzima mwenye ndevu, akakaa kando yake akalowa naye. Wiki mbili baadaye Dimtu alizaa ndama jike. Mlima nao ulifunguka, lakini sikwenda kutazama theluji imefika wapi. Sikuwa nikidaiwa jibu na mtu.

Nimekwisha kuwa mama, na wanangu nawafundisha kusema kweli kama mzazi yeyote. Uongo ule, hata hivyo, siujutii, na sitarajii kuujutia. Siku hizi naona mwiko wa Akko haukuwa wa kuileta mvua. Ulikuwa wa kumshika mkono mtu aliyechoka, katika zile siku chache ambazo uchovu humshawishi auze kila kitu. Baba hakulikubali hilo maisha yake yote. Alisema mvua ile ingenyesha tu, tumuuze Dimtu au tusimuuze, na sikuwahi kumbishia. Ingenyesha, ndiyo. Ingenyeshea zizi tupu.