Kitenge cha Mawe ya Kutupwa

Mama yangu mdogo, Tabita, anachora mawe kwa simu. Watu wa Mkwajuni wakisikia hivyo wanadhani nawatania, maana hapa ukitaja jiwe mtu anawaza dhahabu tu. Kazi yake ni kuuza chai na maandazi kwenye karasha kule Saza, wachimbaji wanakosagia mawe yao. Wateja wakipungua, anaokota jiwe lililotupwa, analimwagia maji ili rangi zitokee, analipiga picha. Kisha anaikuza hiyo picha na kufuata kila mstari kwa kidole, akiongeza rangi. Hapo ndipo mimi huwa naduwaa. Jiwe ambalo ungemrushia mbwa linageuka mito na mabonde!

Mwaka huu kwaya yetu ilitaka kitenge kipya cha sherehe ya kanisa. Mama mdogo akaomba achore yeye. Kazi yake ilikuwa haijawahi kutoka nje ya simu. Mama Marta, mwenyekiti wa kwaya, akakubali shingo upande.

"Lete kipande Jumamosi ya wiki ijayo tukione. Kisipopendeza, tunanunua cha maua Tunduma, mjadala umefungwa."

Mama mdogo alitaka mwamba wa duara la Baba Osea, shimo linalosifika kwa mawe ya mistari myeupe. Baba Osea anaimba besi kwenye kwaya hiyohiyo, lakini kwenye duara lake hana undugu na mtu.

"Shikamoo, baba. Naomba picha moja tu ya mwamba."

"Marahaba. Picha hapana! Ukipiga leo, kesho kila mtu anajua mwamba wangu umeelekea wapi. Si watanichimbia kwa upande wa pili?"

"Basi niokote haya uliyotupa."

"Hayo beba hata lori."

Akaokota moja kubwa kama kichwa cha mbuzi, la kijivu, limechoka kabisa. Alipoliloweka kwenye beseni, ikajitokeza michirizi myeupe yenye rangi ya kutu pembeni. Akalichora wiki nzima, akapeleka mchoro Tunduma uchapishwe kwenye kitambaa.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya, kikatandazwa juu ya kinanda.

"Tabita mwanangu," Mama Marta akasema, "tuvae kifusi madhabahuni?"

Sauti ya pili wote wakaangua kicheko. Mama mdogo akaanza kukikunja.

Baba Osea akamzuia mkono. Akakikodolea macho kile kitambaa, akalamba kidole gumba, akausugua mstari mweupe, vilevile wachimbaji wanavyosugua jiwe wakitafuta dhahabu. Akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Akasugua tena.

"Baba Osea, hicho ni kitambaa!" wenzake wakamkumbusha.

"Nyamazeni. Tabita, huu mwamba wangu umeupata wapi, na picha nilikukatalia?"

"Kwenye yale uliyotupa, baba."

"Mzee umetupa mali!" mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akapiga kelele, na safari hii aliyechekwa hakuwa mama mdogo. Mama Marta akakichukua, akajifunga kiunoni, akageuka. "Hebu niangalieni nyuma." Wakamwangalia. Hakuna aliyetaja maua tena.

Siku ya sherehe walisimama mbele wote, mwamba wa Saza kutoka ukuta hadi ukuta. Nilimnong'oneza kila aliyekaa karibu yangu: "Kachora mama yangu mdogo." Na kabla wimbo haujaanza, nilimwona Baba Osea kwenye safu ya nyuma, akilamba kidole taratibu na kukigusisha kwenye mstari mweupe mgongoni mwa mwenzake.